Barua ya wazi kwa vyama: kabla hamjatoa tiketi ya uchaguzi mdogo ujao

Kwa wenyeviti na makatibu wakuu wa vyama vya kisiasa nchini Kenya, kwa bodi zao za uchaguzi, na kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa.

Waheshimiwa,

Mwakilishi wa wadi akifariki, akijiuzulu au ushindi wake ukifutwa na mahakama, wakazi huwa bado wanaulizana ni nani atakayesimama wakati ninyi tayari mnalo jina. Jina hilo linatoka Nairobi. Sisi tunalisikia redioni, pamoja na sentensi ile ile ya kila mara: chama kimeafikiana. Nani alikaa na nani wakaafikiana, hilo halisemwi.

Nawaandikia kama mwanachama mwenye kadi. Chama changu sikitaji, kwa sababu haya hayahusu chama kimoja. Badilisha rangi ya fulana na kofia, yaliyobaki ni yale yale. Wala siandiki kwa niaba ya mgombea yeyote aliyenyimwa tiketi. Wao wana midomo yao na mawakili wao.

Najua mtanijibu kwa sheria, basi nianzie huko. Sheria ya Vyama vya Kisiasa, baada ya marekebisho ya mapema 2022, inakipa chama njia mbili za kumpata mgombea. Ya kwanza ni mchujo wa moja kwa moja, ambapo wanachama waliosajiliwa wanapiga kura. Ya pili ni mchujo usio wa moja kwa moja, ambapo wajumbe wanaamua kwa niaba ya wenzao. Zote mbili ni halali. Kwa hiyo sisemi mnavunja sheria mkiita wajumbe hotelini. Ninachosema ni kwamba njia hiyo ya pili, ambayo katika uchaguzi mkuu aliyeonewa huwa bado ana pa kwenda, katika uchaguzi mdogo inafunga milango yote. Na ninyi mnalijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Chukueni uchaguzi mkuu wa 2022. Vyama vilimaliza mchujo Aprili, kura ikapigwa 9 Agosti. Aliyenyimwa tiketi, kwa haki au kwa hila, alikuwa na siku kadhaa za kukihama chama, kukusanya saini za wapiga kura na kwenda debeni kama mgombea huru. Wengi walifanya hivyo na baadhi yao wakashinda. Hofu hiyo peke yake iliwafanya baadhi yenu mfikirie mara mbili kabla ya kumpa tiketi mtu asiyependwa nyumbani kwake.

Sasa tazameni uchaguzi mdogo wa kiti cha ubunge. Kifungu cha 101 cha Katiba kinampa spika siku 21 kuiarifu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, na kinataka kura ipigwe ndani ya siku 90 tangu kiti kiachwe wazi. Kifungu cha 85 kinasema mgombea huru sharti awe hajakuwa mwanachama wa chama chochote kilichosajiliwa kwa muda wa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Vifungu hivi viwili viko kurasa chache kutoka kimoja hadi kingine, lakini visomeni pamoja. Siku 90 na miezi mitatu ni muda ule ule. Mwanachama anayetaka kubakiza nafasi ya kusimama bila chama inambidi awe amejiuzulu kufikia siku ile mbunge alipofariki. Yaani aandike barua ya kuhama matanga yakiwa hayajaanza, hajui nani mwingine anakitaka kiti, hajui kama chama kitawaita wanachama wapige kura au kitawaita wajumbe wapige makofi. Akingoja aone mtatenda haki au la, amechelewa.

Kifungu cha 85 hakimhusu mgombea wa ubunge peke yake. Anayetaka kuingia bunge la kaunti akiwa mgombea huru anahitaji saini 500 za wapiga kura wa wadi yake badala ya 1,000, lakini masharti ya miezi mitatu ni yale yale. Labda mtaniambia ahamie chama kingine. Ahamie wapi? Huko nako tiketi ina mwenyewe, na orodha za wanachama zina tarehe zake za kuwasilishwa kwa tume.

Kwa hiyo katika uchaguzi mdogo, pale ambapo chama kina ngome, watu wachache waliokaa mezani wakiamua, wameamua. Hakuna rufaa ya wananchi. Kura inayofuata ni ya kuthibitisha tu.

Mtu anaweza kuniuliza: mbona tumewaona wagombea huru katika chaguzi ndogo, tena wengine wakitamba? Ni kweli. Tazama ni lini. Suleiman Dori, mbunge wa Msambweni, alifariki Machi 2020. Kwa sababu ya korona, kura ikapigwa 15 Desemba. Katika miezi hiyo tisa palikuwa na nafasi ya kujipanga nje ya vyama, na Feisal Bader, mgombea huru, akamshinda Omar Boga wa ODM. Tazama pia Kasipul. Mbunge Ong'ondo Were aliuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 30 Aprili 2025, na kura ya kujaza nafasi yake ikapigwa 27 Novemba, karibu miezi saba baadaye. Hapo napo mgombea huru alipata muda wa kujitayarisha, ingawa alishindwa. Banissa ndiyo iliyozidi: mbunge wao alifariki Machi 2023 na watu wakakaa bila mwakilishi hadi siku hiyo hiyo ya Novemba 2025, kwa sababu tangu mapema 2023 hadi Julai 2025 IEBC haikuwa na makamishna.

Kuchelewa huko kulikuwa dhuluma kwa wakazi. Lakini ndiko kulikoacha mlango wazi, na ninyi mkaonekana kana kwamba mna ushindani. Sasa tume ina mwenyekiti na makamishna wake. Viti vitakavyoachwa wazi kati ya sasa na miezi mitatu ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu wa 10 Agosti 2027 vinapaswa kujazwa kwa wakati, kama Katiba inavyotaka. Tutapata wawakilishi haraka, na hilo ni jema. Ila mlango wa mgombea huru kwa mwanachama wa chama ndipo utakapofungwa kabisa, na uzito wote utabaki kwenye meza zenu. Ndiyo maana nawaandikia leo, kiti chetu kikiwa na mtu, wala sikungoja matanga.

Niwaeleze meza hiyo inavyoonekana ukiwa upande wetu.

Katika wadi yetu, kiti kilipoachwa wazi miaka iliyopita, tuliambiwa wajumbe watakutana siku ya Jumamosi saa nne. Mahali palibadilishwa mara mbili. Mara ya pili ni usiku wa kuamkia mkutano, kwa ujumbe wa simu uliowafikia baadhi tu. Mimi nilikuwa mjumbe kwa mujibu wa katiba ya chama, kwa cheo changu cha tawi. Mlangoni palikuwa na kijana mwenye karatasi, jina langu halikuwemo. Waliokuwemo wengine tuliwajua, wengine hatukuwajua, na wawili kati yao walikuwa wafanyakazi wa mmoja wa waliokuwa wakitafuta tiketi. Nilipouliza nani aliandika orodha ile, kijana akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee, mimi nimepewa tu." Nikaingia kwa sababu mwenyekiti wa tawi aligoma kuingia bila sisi.

Ndani hapakuwa na sanduku. Afisa kutoka makao makuu alitusomea hotuba kuhusu umoja, akataja adui zetu, akasema muda ni mfupi na chama hakiwezi kumudu mgawanyiko. Halafu ikapita karatasi ya kutia saini kwa ajili ya nauli. Kila mtu akaandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu, kwa sababu nani anakataa nauli? Mgombea akatangazwa. Wachache wakapiga makofi, wengine wakanyamaza, wawili watatu wakatoka nje wakipiga kelele.

Baadaye, mmoja wa walioshindwa alipokwenda kulalamika katika kamati ya ndani ya chama, aliwekewa mezani kumbukumbu za mkutano. Zilisema wajumbe walimwidhinisha mgombea kwa kauli moja. Ushahidi ulikuwa karatasi ya saini zetu. Karatasi ya nauli. Na cheti cha uteuzi alichoonyeshwa kilikuwa na tarehe ya siku mbili kabla ya mkutano wenyewe.

Hakuenda mbali na malalamiko yake, na sababu haikuwa uoga. Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa lipo, na limewahi kuwarudishia watu haki yao. Lakini kwanza ni lazima uonyeshe ulijaribu kutatua mgogoro ndani ya chama. Kamati ya chama ikakaa na faili yake hadi jioni ya kuamkia siku ya kuwasilisha karatasi kwa tume. Akapewa jibu saa kumi na mbili jioni: ombi limekataliwa. Angekimbilia wapi usiku ule? Ofisi zimefungwa, wakili anataka pesa, na asubuhi mwenzake yuko mbele ya afisa wa uchaguzi akipigwa picha. Nimesikia kisa cha namna hii kutoka kwa watu wa vyama vingine, hadi saa ya jibu inafanana. Si bahati mbaya watu wasiojuana wakatumia saa moja.

Wazee wetu wanaukumbuka mlolongo wa 1988. Chama kilikuwa kimoja, KANU, na watu walipanga foleni nyuma ya wagombea au picha zao uwanjani. Aliyepata asilimia 70 ya foleni alitangazwa amechaguliwa bila kupingwa; kura ya siri haikumfikia. Uteuzi wa chama ukawa ndio uchaguzi. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba KANU yenyewe iliunda kamati ya kuzunguka nchini kusikiliza malalamiko mwaka 1990, na mlolongo ukaachwa. Mwaka uliofuata kifungu cha 2A cha Katiba ya wakati huo, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikaondolewa na vyama vingi vikarudi. Baadhi yenu mlikuwa katika waliopigania hayo, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini tazameni tulipofika. Katika ngome ya chama, tiketi ya uchaguzi mdogo inamfikisha mtu bungeni karibu moja kwa moja, na safari hii hata foleni haipo. Uwanjani mwaka 1988 mtu aliona kwa macho yake foleni fupi ikitangazwa ndefu, akarudi nyumbani akijua alichoibiwa. Hotelini hatujui hata tulikuwa wangapi.

Nazijua sababu zenu. Ya kwanza ni pesa. Mchujo una gharama: karatasi, masanduku, makarani, usalama. Lakini hatuzungumzii nchi nzima. Kenya ina wadi 1,450, na uchaguzi mdogo wa mwakilishi ni wa wadi moja, vituo vya kupigia kura vinavyohesabika kwa asubuhi moja ukiwa na pikipiki. Sheria ya Uchaguzi inakiruhusu chama kuiomba IEBC iendeshe na kusimamia uteuzi wake. Vyama vilivyotimiza masharti vinapata pesa za umma kutoka Hazina ya Vyama vya Kisiasa, ambayo sheria inasema iwe na angalau asilimia 0.3 ya mapato ya taifa. Najua Hazina Kuu haitoi kiasi hicho chote na mmelalamika sana, hata mahakamani. Hata hivyo, chama kinachopata helikopta tatu za kampeni katika wadi moja hakiwezi kuniambia kimekosa karatasi za kura.

Ya pili ni kwamba wapinzani watajipenyeza na kutuchagulia mgombea dhaifu. Hii ina ukweli wake. Dawa yake ni sajili ya wanachama, na sheria ya 2022 imeshaitaja. Hapo mtaniambia sajili si safi. Naam, si safi. Juni 2021 Wakenya walifungua tovuti ya Msajili wakakuta wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua, na wengine wakashangaa kujiona ni wanachama wa vyama wanavyovichukia. Nani aliyaandika majina hayo? Kila chama kilihitaji wanachama wasiopungua 1,000 katika zaidi ya nusu ya kaunti ili kisajiliwe. Mlipohitaji idadi, majina yalipatikana usiku mmoja. Mkihitaji wapiga kura wa mchujo, majina yale yale yanakuwa hayaaminiki.

Ya tatu ni fujo. Michujo ya Aprili 2017 ilikuwa aibu. Karatasi zilichelewa, watu walipigana, matokeo mawili yakatangazwa kwa kiti kimoja. Sikatai. Lakini ile ilikuwa nchi nzima kwa siku chache, maelfu ya viti kwa mpigo mmoja, na vyama vyenyewe vikiwa mwamuzi na mchezaji. Kiti kimoja, siku moja, msimamizi wa nje: si kazi ile ile.

Hoja ninayoiheshimu zaidi mara nyingi hamuitoi kwa sauti. Mchujo wa wazi una kawaida ya kumpa mwenye pesa, na aghalabu mwenye pesa ni mwanamume. Mwanamke, kijana au mtu mwenye ulemavu anayeweza kazi anaweza kusaidiwa na chama kikimpa tiketi bila kumtupa katika vita vya noti. Nakubali. Basi semeni mapema. Tangazeni siku kiti kinapoachwa wazi kwamba chama kimeamua mgombea atakuwa mwanamke, au kijana, kisha waacheni wanawake hao au vijana hao washindanie mbele yetu. Mkiliibua wazo hilo baada ya jina kutoka, tutajua lilitafutwa ili kulivisha jina nguo.

Kuna na hili la kurithishana. Mbunge akifariki, macho yote yanageukia mjane, mtoto wa kiume au ndugu, na chama kinaona kura za huruma. Familia ya marehemu ina haki ya kugombea kama mtu mwingine yeyote, na wengine wao wanajua kazi kuliko sisi. Kibra 2019 inafundisha kitu hapa. Mbunge wa huko, Ken Okoth, alipofariki, ODM ilipeleka suala hilo kwa wanachama, ndugu yake Imran akashinda mchujo dhidi ya wenzake wengi, kisha akashinda kiti Novemba. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba alirithi. Upande wa pili, Jubilee ilimkabidhi tiketi mwanasoka McDonald Mariga, mtu maarufu lakini ambaye ilibidi kwanza avutane na tume kuhusu jina lake katika daftari la wapiga kura. Imran alipata zaidi ya mara mbili ya kura za Mariga. Sidai mchujo ndio uliompa ushindi. Kibra ina historia yake. Ninachodai ni kwamba ODM haikupoteza chochote kwa kuwauliza watu, na ilipata mgombea asiyehitaji kutetewa.

Sasa ombi langu, na sitalizungusha.

Katika uchaguzi mdogo, wa wadi au wa eneobunge, wanachama wapige kura. Iwe kanuni ya chama iliyoandikwa, isiwe hisani ya mwenyekiti anapojisikia. Kama mnaona kweli haiwezekani, basi mjumbe awe na jina. Orodha ya wajumbe ibandikwe katika ofisi ya wadi na kuwekwa kwenye ukurasa wa chama wiki nzima kabla ya mkutano, ikionyesha kila mmoja ana cheo gani na alichaguliwa lini. Wiki nzima inatosha kwa yule aliyefutwa kuuliza kwa nini. Kura ya wajumbe iwe ya siri, ihesabiwe pale pale, na idadi itangazwe. Karatasi ya nauli ibaki ya nauli.

Cheti cha uteuzi kitolewe mapema, siku kumi kabla ya karatasi kuwasilishwa kwa tume. Najua mtasema ratiba ya IEBC inabana. Inabana, lakini haiwazuii kufanya mkutano wenu wiki mbili mapema. Kinachowazuia ni kwamba mnataka mshindwa asipate muda. Kamati ya ndani ya rufaa impe jibu ndani ya saa 48, kwa maandishi na kwa sababu, ili akitaka kwenda katika jopo aende jua likiwaka.

Kisha hii habari ya utafiti wa maoni. Mmeanza kusema, "Tulifanya utafiti, huyu ndiye anayeongoza." Vizuri. Ni nani aliyefanya? Watu wangapi waliulizwa, katika vijiji gani, na swali lilikuwa lipi? Mkiweka utafiti huo hadharani, nitakuwa wa kwanza kuusoma. Mpaka sasa sijawahi kuuona hata mmoja, na katika wadi yetu sijapata kukutana na mtu aliyepigiwa simu.

Ada za uteuzi pia. Ikiwa bodi inajua tayari ni nani itakayempa tiketi, isichukue pesa za wengine sita. Na ikiwa imezichukua halafu ikaghairi mchujo, izirudishe. Nimewaona walimu wastaafu wakichukua mkopo wa chama cha akiba ili walipe ada ya kinyang'anyiro ambacho hakikufanyika. Huo ni wizi, hata kama risiti ina muhuri.

Kwako Msajili, na kwa tume. Kifungu cha 91 cha Katiba kinakitaka kila chama kuendesha demokrasia ndani yake kwa uchaguzi wa mara kwa mara, ulio huru na wa haki. Kifungu cha 88 kinaipa IEBC kazi ya kusimamia utaratibu wa vyama kuteua wagombea. Hakuna kati ya hivyo kinachosema demokrasia hiyo ni ya kila miaka mitano tu. Tume inapochapisha ratiba ya uchaguzi mdogo, vyama huandikiwa viwasilishe majina na tarehe za mchujo. Ongezeni mambo mawili katika barua hiyo: njia ambayo chama kitatumia, na kama ni wajumbe, orodha yao. Kisha wekeni majibu mahali ambapo mwanachama wa kawaida anaweza kuyasoma bila kumjua mtu ofisini. Sioni kama mnahitaji sheria mpya kwa hilo. Mnahitaji barua moja na mtu wa kupakia faili kwenye tovuti.

Wengine katika chama changu wataisoma barua hii na kusema natafuta tiketi. Umri wangu umepita, na sina kiti ninachokinyemelea. Watakaosema nachafua jina la chama, nawaomba wanitajie ni mstari gani si wa kweli. Katibu mkuu wetu ananifahamu. Tulikuwa naye katika ukumbi ule, na alipewa kiti cha mbele.

Msajili, swali langu kwako ni fupi, na ningependa jibu la maandishi. Katika uteuzi wote wa wajumbe uliofanywa kwa ajili ya kura ya 27 Novemba 2025, ofisi yako ilipokea orodha za wajumbe za vyama vingapi, na mwananchi anaweza kuzisoma wapi?

Wenu,

Mwanachama aliyesajiliwa, mjumbe wa tawi